Mkono Usiopita Kichwa

Mama Odila, mama mkwe wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya beseni lako la mawese. Nimeligeuza kifudifudi kwa sababu viti vimebaki nyumbani kwako Bigo. Ndiyo, umesikia vizuri, mimi siko tena Bigo. Najua utakasirika. Lakini mimi nimekwisha kukukasirikia wewe kwanza, kwa hiyo tuko sawa. Ngoja nikueleze polepole, maana uliondoka habari ikiwa katikati.

Siku tuliyokuzika hatukupata hata nafasi ya kulia vizuri. Risasi zilikuwa zinalia upande wa uwanja wa ndege, njia ya makaburi imefungwa, padri hakuweza kupita. Tension yako, ile presha, ilikuwa imepanda, dawa hakuna, na ulikwenda asubuhi umeshika kitenge changu kwa nguvu, kama mtu mwenye neno mdomoni. Neno lenyewe halikutoka. Tulikuchimbia nyuma ya jiko, pale ulipopanda mboga yako ya lengalenga, na mwanao Faustin alichimba mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitasema mabaya yake, na sitaki udhani nimesahau. Alichimba mpaka viganja vikatoka damu, akakataa kupokewa jembe.

Vita haikukusubiri, Mama. Iliendelea kama vile hakuna aliyekufa. Wanaume wa bunduki walibadilika, waliokuwa wanatutisha wakakimbia, wakaja wengine wa kututisha. Kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa, zikaongezeka barabarani. Kisha lile baraza la wajumbe likarudi kukaa, lile waliloliunda hapa Bunia litutungie amri wakati Kinshasa iko mbali na bunduki ziko karibu. Na sisi tukarudi kwenye benchi letu la nyuma, wale unaowajua, ambao mji mzima unatuita wamama wa mikono. Pengo lako pale kwenye benchi hakuna aliyelikalia. Mama Zaina aliweka kikapu chake hapo, akasema ni kikapu tu, lakini alikuwa analia.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka? Nilidhani tunakwenda kusikiliza hotuba. Wewe ulininong'oneza: "Maneno waachie benyewe. Weye angalia mukono." Kila mama na mjumbe wake, kila mama na mkono wake. Mambo ya barabara na ushuru tuliwaachia wengine. Sisi tulifuata ya nyumbani: wasichana wanaoozwa wangali watoto, watoto waliozaliwa na vita wasiokuwa na baba wa kuwaandikisha, wajane. Msimamizi akisema wanaokubali wainue mikono, sisi hatukupepesa macho. Mimi ulinipa mkono wa yule mzee wa kandokando ya ziwa, mwenye saa kubwa inayoteleza hadi kiwiko anapouinua. Faustin naye ni mjumbe, na nilitaka kumwangalia yeye kwa sababu ni shemeji yangu, ukanikatalia. Mtu haangalii mkono wa ndugu yake, ulisema, "jicho yenye inapenda haionaka." Hata wewe mwenyewe, mama yake mzazi, hukuwahi kuugusa mkono wa Faustin kwa macho. Ulimpa Mama Zaina, mjane wa mchimba dhahabu, kwa sababu hana undugu naye wala hana haya.

Halafu siku ya soko pale Mudzipela, kati ya mawese na makayabu, samaki wale wa chumvi, ulikuwa unagonga beseni hili nililolikalia. Watu wananyamaza. Unataja. Hukutaja hata siku moja jina la mjumbe, maana jina la mjumbe lingeweza kukufungisha. Ulitaja jina la mama yake. Mutoto ya fulani ameinua mukono kwa wasichana. Mutoto ya fulani amekataa. Nani atakukamata kwa kumsalimia mama wa mtu? Nilikuuliza kama wanaume wakubwa vile wanajali kelele za wauza mawese, ukacheka mpaka ukakohoa: "Mwanaume akikaa ku kiti, Mungu iko mbali. Lakini jina ya mama yake ku soko, ile iko karibu!" Na kweli niliona wazee wenye tai wakija sokoni kuomba wasamehewe, mama zao wakiwa nyuma yao wamenuna.

Na lile jambo la mkono nusu, unalikumbuka? Yule mjumbe mnene aliyeinua mkono mpaka kwenye sikio, kama anayejikuna. Wenzake waone hakuinua, sisi tuone ameinua. Tulibishana njia nzima ya kurudi. Wewe ulisimama katikati ya barabara, pikipiki zinakupigia honi, ukahukumu: "Mukono yenye haipiti kichwa, haiko mukono." Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu. Halafu ukaongeza, na ningependa usingeongeza: "Na siku mutoto yangu atakosa, museme jina yangu kwa nguvu. Musinionee huruma."

Basi, Mama, siku hiyo ilifika, na haikukukuta.

Ilikuwa amri ya wajane. Mjane abaki katika nyumba ya marehemu pamoja na watoto wake, hata kama hana mtoto wa kiume, hata kama ametoka upande mwingine. Ukiisoma ungedhani waliiandika wakiwa wamekaa jikoni kwangu. Mimi mtu wa kutoka mbali, Mahagi, wasichana watatu, na mume, Désiré wako, aliyeuawa njia ya Fataki tukaletewa kiatu tu. Tangu kilio chake wajomba zake walikuwa wanapita Bigo wakipima ua kwa macho. Ulipokuwa hai walipima kwa mbali. Ulipolala nyuma ya jiko wakaanza kuingia bila kubisha.

Siku chache kabla ya baraza kupiga kura, Faustin alikuja. Alikaa kwenye kiti chako, akala ugali wangu, akamshika mjukuu wako Neema kichwani. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha akasema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayeomba chumvi: "Shemeji, weye chunga mudomo ya bamama benzako, na miye nitachunga nyumba yako. Jina ya mama isitembee ku soko. Mufu aachwe apumuzike." Alinieleza kwamba wajomba wanamkaba, kwamba akiikubali amri ukoo utamtupa, na akiikataa wazi sisi tutamtupa. Nilimwonea huruma, Mama. Ni mwanao, na ana macho yako. Nikamwongezea sombe, yale majani ya muhogo anayoyapenda.

Siku ya kura nilishika sheria yako. Nilimwangalia mzee wangu wa ziwani, na aliinua mkono mpaka saa ikateleza hadi kwenye kwapa, Mungu ambariki. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka kulia, alipokaa Faustin. Iliniuma kama mtu aliyelala vibaya. Sikugeuka. Nilisikia tu Mama Zaina pembeni yangu akivuta pumzi na kuizuia.

Amri ilianguka, haikupita. Mikono michache tu ilikosekana.

Tulipotoka nje, Mama Zaina alinishika bega, akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Sikio. Faustin aliuinua mpaka kwenye sikio, akaushikilia pale, akaushusha.

Wamama walianza kunitetea kabla sijasema lolote. Mmoja akasema tuhesabu kwamba ameinua, kijana alijaribu. Mwingine akasema marehemu hajamaliza hata kilio chake, haifai kulitembeza jina lake kati ya samaki. Mama Zaina, ambaye hana haya, naye akasema, Mama Neema, una nyumba, una watoto, tunyamaze safari hii moja. Wote walikuwa wanajua habari ya ugali na sombe, kwa sababu niliwaeleza. Mlango niliachiwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, hivi sasa ningekuwa Bigo.

Nilifikiri sana. Nilifikiri juu ya wale mama wengine tuliowataja miaka yote hiyo. Mama wa yule mnene aliacha kuja kanisani kwa aibu. Tungemwambia nini? Kwamba sikio la mtoto wake ni sikio, na sikio la mtoto wa Odila ni kichwa? Siku hiyo beseni lingekufa, Mama. Lingebaki la mawese tu. Na wajane wa Mudzipela wote, wa upande huu na upande ule, wangejua kwamba hata sisi tuna ndugu zetu.

Na tena nilifikiri juu ya kitenge changu ulichokishika.

Siku ya soko niligonga. Sijui kama niligonga vizuri. Nikataja wengine, walioinua na waliokataa, na watu wakaitikia kama kawaida. Kisha nikasema: "Mutoto ya Odila hakuinua mukono kwa bajane." Mara ya kwanza sauti haikutoka. Nikarudia. Mwanamke mmoja nisiyemjua alifunika nyanya zake kwa kitambaa, kama mtu anavyofanya maiti ikipita. Nilitamani kuingia ndani ya beseni. Nilijisikia kama nimekutukana mbele za watu, nikiwa nimevaa nguo ya kilio chako.

Faustin hakuja kupigana. Bora angekuja. Alituma vijana wa ukoo, nao wakafanya kama wanavyowafanyia wajane siku zote: hawakutugusa, hawakutukana, walitoa mlango, halafu mabati. Mvua ikafanya iliyobaki. Nilifunga vyombo, nikawashika watoto, na Neema akakimbia nyuma ya jiko kukuaga. Sikuweza kumfuata. Sasa tuko Mudzipela, chumba kimoja na Mama Zaina na kuku zake. Wasichana wamejifunza kusema bismillahi kabla ya ishara ya msalaba, kwa hiyo tumelindwa pande zote. Cheka kidogo, Mama. Mimi sicheki.

Parseli, kiwanja chenyewe, wajomba wanataka kuiuza. Sijui mnunuzi atafanya nini na wewe. Hili ndilo linaloniamsha. Nimesikia kwamba Faustin amekataa kutia sahihi mpaka sasa, kwamba anapita pale jioni anasimama mbele ya nyumba isiyo na paa, haingii. Sijui anafikiri nini. Sikutumwa kuangalia moyo wake.

Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kumuuliza mtu mwingine yeyote. Asubuhi ile, ulipokishika kitenge changu, ulitaka kusema nini? Siku nyingine nafikiri ulitaka kusema: usinyamaze. Siku nyingine nafikiri uligeuka mama tu, mama wa mtu, na ulitaka kusema: mwache mwanangu. Kama ni hilo la pili, nisamehe, sikukusikia. Nilifuata yale uliyosema ukiwa na nguvu, katikati ya barabara, honi zinalia. Sikuwa na mengine ya kufuata.

Lala sasa. Lengalenga sitaweza kuimwagilia, mvua itakusaidia. Wanasema amri ya wajane itarudishwa barazani vita ikipoa, na benchi letu tutalikalia, na mimi nitamwangalia mzee wangu wa saa. Sitageuka kulia. Nitamsubiri Mama Zaina aniambie. Na siku mkono wa Faustin utakapopita kichwa, hata kama mimi sina tena nyumba ya kurudia, nitaligonga beseni hili na kusema mutoto ya Odila ameinua. Nitalisema jina lako kwa sauti ile ile niliyokuaibisha nayo, na safari hiyo halitanishinda mara ya kwanza.

Mkweo anayekulilia,
Mama Neema