Jasho la Bombani

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Sisi tupo, mama anakusalimu sana. Mimi tangu nimalize shule nashinda saluni kwa baba, nafagia nywele na kufua taulo. Unanijua, kuongea na wateja bado ni mtihani, lakini fagio halihitaji maneno.

Kilichonifanya nishike kalamu ni nyonga ya baba. Ilianza kwa maumivu kidogo ya kinena kila alipotoka kukimbia na wenzake. Akasema ni msuli, akajikanda kwa maji ya moto, akaendelea. Sasa hata kazini amebadilika. Zamani alikuwa akimzunguka mteja. Siku hizi anasimama pale pale na kukizungusha kiti. Fundi viatu wa jirani akamtania kwamba mashindano ya mbio ya mwaka huu kitakimbia kiti. Watu wakacheka, na baba akacheka, huku ameshikilia meza ya kioo.

Mama alipochoka kubembeleza, alimwamuru aende kwa daktari, nami nikamsindikiza. Daktari alimwambia asimame kwa mguu mmoja, akashindwa. Akasema anashuku mfupa wa nyonga una ufa, asikimbie kabisa hadi apigwe picha, maana ufa huo ukipuuzwa mfupa unaweza kuvunjika. Tulipotoka baba akaniomba yale yabaki pale pale. Nyumbani akatangaza kwamba ni msuli tu. Kesho yake alfajiri akavaa viatu, akatoka.

Shangazi, nimechoka. Kila akitoka nalala macho wazi, nikingoja kuitwa kwamba ameanguka barabarani. Mama ananuna jikoni, anasema sikio la kufa halisikii dawa, nami nanyamaza kama sijui kitu.

Ila mfuaji wa nguo ni mimi. Fulana zake zinarudi zimelowa chapachapa, lakini hazina harufu ya jasho. Jana nikamfuata kwa mbali. Hakukimbia. Alijikongoja hadi nyuma ya uwanja, akakaa kwenye benchi wakati wenzake wakizunguka upande wa pili, kisha akaenda bombani akajimwagia maji kifuani.

Nilitaka kugeuka nirudi, lakini miguu ilinipeleka kwake. Hakugomba. Alisogea, nikakaa. Akasema maumivu hayaogopi, anaogopa picha. Kwamba babu alipokuwa na umri huu huu nyonga ilimkalisha kitini, na wewe ndiye uliyekuwa ukimnyanyua mpaka akafariki. Maadamu anavaa viatu kila asubuhi, hakuna atakayemwita mgonjwa. Nikamwambia mama huwa analia akishatoka. Hakuwa anajua.

Kisha akasema nisithubutu kukuambia wewe, maana dada yake akijua hatakuwa na pa kujificha. Tukaanza kurudi polepole, ameniegemea bega. Karibu na nyumbani akaniuliza, bila kunitazama, kama wewe, Shangazi, Jumamosi bado huwa huendi kazini.

Nikamjibu kwamba nitakuuliza. Hakunikataza.

Basi njoo, Shangazi, umpeleke kwenye hiyo picha. Wabusu wadogo zangu wote, na mwandiko huu univumilie, nimeandikia magotini.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Kasauti