Dada, Nimeunyoa Mti Wako

Chumba cha nyuma ya saluni,
Mkabala na kituo cha mabasi.
Jumapili, 17 Mei.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, tena za moto moto. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Mgongo umeacha kumsumbua? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila macho yanazidi kufifia. Siku hizi ananitambua kwa kikohozi changu. Mimi afya ninayo. Uso wa kukutazama ndio sina.

Ni habari za mti wako, ile lilaki ya maua yanayonukia, uliyoilea kwenye sahani ya udongo mpaka ikawa bonsai, mti mzima usiozidi kimo cha mkono. Ulinisisitizia nikate mara moja tu, maua yakishanyauka, halafu mkasi niuweke kabatini. Nilikuitikia vizuri sana. Lakini dada, mimi ni kinyozi. Nikiona kitu kiko timtim mbele yangu, mkono unaniwasha.

Basi wakati wa baridi, majani yote yamepukutika, nikaona vijiti vimesimama ovyo. Nikavipunguza sawasawa, mviringo safi, hata wateja wakanisifu. Nilipokuwa nafagia ndipo nikaona kila kijiti nilichokikata kina vitumba viwili vinene nchani. Nikapasua kimoja kwa kucha. Ndani mlikuwa na maua, madogo kama punje za mtama, yamejipanga tayari. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikiwa na ufagio mkononi.

Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nikapiga kimya.

Mama naye sikumwambia. Tangu majani yachipue alikuwa akisogeza kiti dirishani kila asubuhi, ananusa, anauliza, "Bado tu?" Maua hawezi kuyaona tena, harufu ndiyo iliyombakia. Nami, Mungu anisamehe, wiki iliyopita nikachukua marashi ya saluni, yale ninayowapaka wateja shingoni, nikaupulizia mti.

Akainama, akavuta pumzi. Akapapasa matawi taratibu mpaka kwenye ncha.

"Mwanangu," akasema, "umeunyoa, na marashi umeupaka. Poda je?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo tu, akarudisha kiti mezani. Mkasi wangu mdogo sasa anakaa nao yeye.

Dada, ulipopiga simu juzi ukamwuliza kama lilaki imechanua, nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akikuambia maua yamechanua tele, nyumba nzima inanukia, na kwamba mdogo wako anautunza mti vizuri. Hakuna hata ua moja. Mama yetu, ambaye alituchapa kwa uongo mdogo kabisa, amekudanganya ili nisiaibike.

Nisalimie Shemeji, na Kibonge mpwa wangu. Mungu awafunike kwa heri zake. Ukipiga simu tena, nakuomba usimwulize habari za maua, asije akalazimika kurudia.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na aibu zake,
Kinyozi.