Abdi Hakufa kwa Homa

Wajir, Jumatano

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mwanao ni mzima, ila vumbi la mawe limenikaa kooni. Goti lako je? Dawa unameza, au umeanza tena ubishi wako?

Nasikia mjomba amekwambia nimefukuzwa kazi kwa kiherehere. Kufukuzwa ni kweli. Hilo la kiherehere, nisikilize kwanza.

Jumamosi mchana ukuta wa machimbo uliporomoka ukamfunika Abdi, mkata mawe niliyekuwa nikila naye sahani moja. Huku, kama kwetu, maiti hacheleweshwi. Kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika. Jioni wazee wakakaa maslaha, ndiyo suluhu yao ya kimila, jamaa za Abdi wakamsamehe tajiri mwenye machimbo, na Fatiha ikasomwa.

Asubuhi yake tajiri akaingia ofisini uso mkunjufu. Mimi ndiye karani, nikamkumbusha kwamba mtu akifia kazini, mwajiri sharti amjulishe afisa wa usalama kazini ndani ya saa ishirini na nne. Akasema mambo yameisha, niandike kwamba Abdi alikufa kwa homa nyumbani kwake.

Sikufichi, Mama, kalamu niliishika. Nilidhani wenye msiba wakishasamehe, mimi ni nani? Mlangoni alikuwa amesimama babake Abdi, amekuja kuchukua viatu vya mwanawe.

"Mimi nimesamehe huyu," akaniambia, akimwonyesha tajiri. "Lakini mtoto yangu hakuugua. Hiyo ukuta bado iko, na watoto ya watu wanaingia leo. Andika."

Nikaandika: saa, mahali, na ule ufa ambao Abdi mwenyewe aliulalamikia. Nikampigia afisa, kisha fomu nikaituma kwa simu. Tajiri akanitoa nje mbele ya watu. Jana afisa akaja, akafunga machimbo mpaka ukuta wote uangushwe.

Usiniambie nirudi. Tajiri anazunguka mjini akidai sikuwa karani wake, na afisa anahitaji shahidi. Nitabeba mizigo sokoni, lakini siondoki Wajir kabla sijasema niliyoyaona.

Nisalimie dada yangu mwalimu wa madrasa, shangazi mshonaji, na mjomba pia, simwekei kinyongo.

Leo nilipita machimboni. Wakata mawe wameketi nje ya uzio, kazi imesimama, hakuna aliyeitikia salamu yangu. Niliwahesabu, wote wapo. Na wanune watakavyo, Mama. Wananuna wakiwa hai.

Mwanao asiyejuta,
Omari