Kaka kwenye foleni ya ufundi bomba

Mwenzangu, upo? Acha unachofanya, soma hii.

Si nilikusimulia kaka yangu alivyonisema Jumapili mbele ya mama? "Chuoni ukachague uhasibu. Ufundi bomba ni wa walioshindwa shule." Na mama anaitikia tu, maana mwanawe meneja kasema!

Leo nimeenda kujiandikisha. Dirisha la uhasibu nimelipita kama silioni, nikaenda zangu la ufundi bomba.

Mbele yangu kasimama nani? KAKA. Na ovaroli mpya, lebo inaning'inia mgongoni. Na ndani ya ovaroli, tai. TAI!

Nikamgusa bega. Akaruka. Eti, "Nimekuja kuhakikisha hukosei dirisha."

Kuhakikisha! Ndani ya ovaroli!

Karani naye hana dogo: "Si wewe uliyekuja jana kuulizia masomo ya ufundi bomba?"

Kaka akanywea. Akaninong'oneza, "Ofisini wamenipunguza tangu mwezi uliopita. Mama asijue." Kumbe ile tai ya kila asubuhi anamvalia mama tu! Ningemhurumia, wallahi, ila maneno ya Jumapili bado yananiwasha.

Karani akatuandika, akasema waliofuatana foleni watashika benchi moja karakana.

Unajua kaka kasema nini? Hajamaliza hata kufuta jasho: "Sawa, basi mimi ndiye nitakuwa kiongozi wa benchi."

Nikamng'oa ile lebo mgongoni, nikamkabidhi mkononi.

"Sawa, kiongozi. Jumatatu uje bila tai, itanaswa kwenye mashine."