Nafasi ya Chenji

Gongoni, Tabora
Jumatatu

Mdogo wangu Shifaa,

Assalaam alaykum. Natumaini Igunga mmeamka salama na kikohozi cha mwanao Jihan kimetulia. Huku sote tu wazima, ila hasira yangu hailali.

Umeniuliza nani alimfumbua macho mumeo. Ulimwambia Yaser kwamba sarafu zako nyingi za kidijitali zilikwenda kwa muuza mpunga, ukabakiwa na kidogo. Sasa anajua ni kinyume chake, na anataka hizo ulizobakiza, akiba yako ya kununulia mashine ya kukoboa mpunga, zikatengeneze lori lake.

Nianze na wapumbavu. Daftari la sarafu hizi liko wazi kwa dunia nzima. Halina majina, lakini malipo yako yanaonekana kwa vipande viwili: kimoja cha mlipwaji, kingine chenji inayokurudia. Programu ya simu yako huiweka chenji mwisho, kila mara. Dawa ni nyepesi: programu zote zipange vipande kwa kanuni moja, kidogo kitangulie kikubwa, ili nafasi isimwambie mtu lolote. Nilimwandikia Godbless, aliyeiunda programu yako, mara tatu. Akajibu kwamba mzee nipunguze presha, nani ana muda wa kuchungulia mpangilio? Huyo angekuuzia mlango usio na komeo, kisha akucheke ukiogopa mwizi!

Ijumaa baada ya swala niliyaeleza haya kwenye kijiwe cha kahawa cha Mzee Thabit. Wakanicheka, wakasema Alamin amemaliza kugombana na watu, sasa anagombana na foleni. Damu ikanichemka. Nikatoa simu niwape mfano.

Mfano ulikuwa malipo yako, Shifaa. Nilikuwa nayo kwa kuwa mimi ndiye niliyekusaidia kuyatuma. Jina sikulitaja. Lakini Yaser alikuwa ameleta mzigo mjini, ameketi mbele yangu, na wewe ulikwisha kumwonyesha malipo hayohayo. Niliposema kipande kidogo cha kwanza ni cha mlipwaji, niliona uso wake ukibadilika. Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia, nikaonyesha kwamba kile kikubwa cha mwisho ni chenji ya mlipaji, maana nilikuwa nashinda. Godbless aliacha mlango wazi. Mimi nilimshika mumeo mkono nikamwingiza.

Alhamisi napanda basi kuja kumwambia Yaser, mbele yako, kwamba akiba ya mashine ni jasho lako. Hadi nifike, yale maneno kumi na mawili ya kufungulia sarafu usimpe. Na mimi usinipe.

Mbusu Jihan.

Ni mimi kaka yako, ambaye wiki hii hastahili shikamoo yako,
Alamin