Shirika Halina Fomu ya Mjomba

Mbeya, Jumapili, baada ya misa ya pili

Dada yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo nyingine kwa ajili ya miezi yote niliyokaa kimya. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko juu? Na shemeji, lile jipu la mgongoni limepona au bado analala kifudifudi na kulaumu kila mtu? Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula mpaka tunatazamana, maana unga siku hizi ni wa foleni. Roza anasema njegere ulizotuletea mara ya mwisho tulizimaliza kwa siku mbili, na hana haya kukuambia hivyo.

Wewe katekista unayemsomea dada barua hii, shikamoo pia. Nakuomba usome polepole, na ukifika mahali penye aibu usiruke. Nakufahamu.

Sasa dada, kaa chini. Nina jambo na siku zangu ni chache.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka Dar es Salaam na mzigo wa saruji. Nikasimama Mikese kunywa chai. Milima yetu ilikuwa imejifunika mawingu, nikaitazama kama mtu anayetazama nyumba yake akiwa ng'ambo ya mto uliofurika, maana shirika lililoniajiri haliruhusu lori litoke barabarani hata kwa kumsalimia dada. Pale kwenye chai akaja mzee mmoja wa Morogoro mjini, mwenye malori mawili, yanayobeba mboga za Mlali kupeleka Dar. Nitamwita tajiri, kama madereva wote wanavyomwita. Akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Mluguru unayeshuka mteremko wa Kitonga bila kuchoma breki?" akaniuliza.

"Inategemea nani anauliza."

Akacheka. Akasema ananitaka kwenye lori lake jipya. Mshahara alioutaja karibu uwe mara mbili ya ule wa shirika, na nitalala Morogoro kila baada ya siku mbili. Akasema Jumamosi hii atakuwa pale pale Mikese kusikia jibu langu, na nikikataa kuna mwenzangu anasubiri.

Dada, sitakudanganya. Nilipoondoka pale niliimba hadi Mikumi. Niliona nikipanda kuja kwako Jumapili na kilo mbili za sukari, nakula kwako, nakutania, nashuka. Miaka saba nimekaa katika mji huu wa watu wengine.

Lakini lile lori lake jipya si jipya sana. Dereva aliyekuwa nalo namjua, tulijifunza pamoja. Breki zilimwishia mteremkoni, akaligonga ukingoni ili lisianguke bondeni, nyonga ikavunjika. Tajiri alimpelekea sukari na maneno mazuri, na wiki ile ile akatafuta dereva mwingine. Mwenzangu sasa anauza karanga akiwa amekaa kwenye kigoda, na matibabu yake ni juu ya mke wake. Shirika lisingemfanyia hivyo. Watu wa shirika ni wagumu, wanachelewesha mishahara, wanatuita kwenye mikutano hadi makalio yanakufa ganzi, lakini ukivunjika mguu wanakulaza, nyumba unabaki nayo, na ukizeeka kuna kitu umewekewa.

Ningekuwa peke yangu ningeshajibu. Ila kuna binti yako Skola.

Unakumbuka daktari wa mifupa wa misheni alivyosema alipomfungua mguu na kutoa vile vipande vya mfupa vilivyooza: mvua zikiisha arudishwe afunguliwe tena, la sivyo mguu utakatwa. Mvua zimeisha, dada. Mara ya kwanza aliingia hospitali ile kwa barua ya shirika, kwa sababu nilimwandikisha kuwa mtegemezi wangu. Sasa sikiliza jinsi nilivyoandika.

Siku nilipoajiriwa karani aliniuliza, "Watoto wako ni nani?" Nikamtaja Skola kwanza, kisha hawa wangu wawili. Mungu ananiona, sikuwa na hila. Mimi ni mjomba wake, na wewe huna kaka mwingine. Huko kwetu nani angeniuliza zaidi? Karani akaandika jina langu baada ya lake, kana kwamba mimi ndiye baba, nami sikuona ubaya.

Juzi afisa utumishi mpya akaniita. Anatoka huko ziwani, ni mtu wa haki, shati lake halina hata kunjo moja. Alikuwa ameshika cheti cha ubatizo cha Skola, kile ulichonipa kwa ajili ya hospitali, ambacho kina jina la shemeji.

"Ndugu Melkiori," akasema, "mtoto huyu ana baba wangapi?"

"Mmoja."

"Basi wewe ni nani?"

"Mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mimi ndiye mwenye kumsimamia. Akiumwa, huulizwa mimi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini shirika halina fomu ya mjomba."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanieleza kwamba shirika linamkubali mtoto wa kulelewa, kwa masharti mawili. Kwanza, mama yake aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba amemkabidhi kwangu, na mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri. Pili, mtoto aishi humu ndani ya nyumba ya shirika. Si kuja kutibiwa na kurudi. Aishi, asome huku, na wao watakuja kukagua. Karatasi isipofika kabla ya mwisho wa wiki hii jina lake linafutwa.

Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Katekista atakusomea. Neno "nimemkabidhi" limo, nilimwomba afisa alibadilishe akakataa.

Najua unachofikiri. Ulipomleta mara ile, ulisimama mlangoni kwangu na mzigo kichwani, hukuutua kwanza, ukaniambia, "Namkopesha, simtoi." Sijasahau. Una wavulana watatu na msichana mmoja. Yale mashamba ya mama kule mteremkoni, ya mahindi na ya njegere, yanamngoja yeye. Asipoyajua mipaka yake, asipolima na wewe, kesho watakuja watu wa ukoo waseme huyu ni mtu wa Mbeya. Marehemu mama alikuwa akisema nyumba isiyo na binti ukoo wake, lukolo lake, umekwisha, nami nikimsikia nilikuwa nacheka. Sicheki sasa.

Nikienda kwa tajiri, Skola anabaki kwako. Mguu wake nitautibu kwa jasho langu, kama lori litatembea, kama mboga hazitaozea njiani, kama mimi mwenyewe sitaishia kwenye kigoda cha karanga. Hiyo "kama" ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Nikibaki kwenye shirika mguu una barua na kitanda, lakini wewe unabaki na wavulana wako na jembe la Skola limesimama ukutani. Naogopa, dada. Nimeendesha lori kwenye ukungu wa Kitonga na sikuogopa hivi.

Nilimuuliza Roza. Alikuwa anafua, hakuinua kichwa. Nilitegemea aitetee nyumba hii yenye bati na bomba, maana tukihamia Morogoro tutapanga chumba kimoja. Akasema, "Watoto wangu wana kaka yangu. Skola ana wewe tu, kwa hiyo usiniulize habari za nyumba." Akakamua nguo, akaongeza, "Lakini mama yake akikataa usimnunie. Mimi pia ningekataa."

Wengine wangesema mjomba huamuru. Ni kweli, ningeweza kuandika mlete, na wewe ungemleta, na mzee wetu wa ukoo angeniunga mkono. Siamuru. Mimi moyo wangu unataka aje, nakwambia wazi ili usije ukasema nilificha. Lakini aliyembeba ni wewe, na nisingependa nikuone umemtoa kwa kunitii.

Barua hii analeta Benedikto, dereva mwenzangu anayekwenda likizo fupi kwao Mlali. Atakupa mkononi siku ya soko. Yeye anarudi huku na basi la Alhamisi. Usihangaike kumtafuta mtu wa kukuandikia jibu. Kama unakubali, weka dole gumba, umpate mwenyekiti, umshushe Skola Mlali umpandishe basi na Benedikto. Kama hukubali, mpe Benedikto njegere tu. Nitaelewa, nitamwambia afisa afute jina, na Jumamosi nitasimama Mikese nimwambie tajiri ndiyo. Hakutakuwa na lawama, wala Jumapili nitakayopanda kuja kwako sitalitaja jambo hili.

Nisalimie shemeji, na umwambie kwamba katika jambo hili namheshimu, ingawa shirika na ukoo wote wamemruka. Nisalimie wajomba zangu, wale wavulana wako watatu, na mzee wetu wa ukoo, na mama mkwe wangu ukimwona sokoni. Skola mpe mkono tu, usimweleze chochote mpaka uwe umekata shauri.

Alhamisi nitakuwa kituo cha mabasi tangu mchana, hata kama basi huingia jioni.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Melkiori

Nimesahau kitu. Akija, asibebeshwe nguo za baridi. Sweta lake la kijani bado liko kwenye msumari pale alipolitundika, na kila Roza akifagia hulizunguka.