Mutua kwa Skrini ya Tatu

Jumamosi, 8 Juni
Leo nimeweka picha tofauti kwa skrini tatu za kanisa, peke yangu, bila kufunzwa na mtu. Uongo. Mwende, mke wa pasta, alinionyesha mara nne. Unabonyeza picha kwa upande wa kulia wa mausi ya kompyuta, unachagua ni ya skrini gani. Usipochagua, moja inajaa kote. Ya kwanza msalaba. Ya pili milima yetu ya Kilungu. Ya tatu rafiki yangu Mutua, amelala katikati ya mahubiri, mdomo wazi. Nilimpiga hiyo picha Pasaka. Kesho atanijua.

Jumapili, 9 Juni
Nimefanya ujinga. Skrini ya tatu ndiyo huwekwa sura ya marehemu siku ya mazishi. Nilisahau. Mutua alichelewa. Mama mmoja akamwona pale juu, macho yamefungwa, akaanza kulia. Wa pili akafuata. Kwaya ikanyamaza. Halafu Mutua mwenyewe akaingia, Biblia kwapani. Akajitazama.
"Kumbe mmenizika na hamjanipikia hata chai?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mwende akazima skrini. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, mzee wa miaka sabini na nne, nimejificha.

Jumanne, 11 Juni
Mutua ameanguka shambani. Upande wa kushoto umelegea. Wamempeleka hospitali ya mjini Wote. Mkewe alinipigia simu. "Wewe na picha yako." Akakata.
Mimi nimeokoka, siamini mambo hayo ya mkosi. Lakini naogopa. Sijala.

Jumatano, 12 Juni
Nilienda kanisani kuitoa ile picha. Nikawasha skrini, nikabonyeza vibaya. Mutua akajaa kote. Mutua watatu, midomo wazi. Nikatoka mbio, kiatu kimoja cha akala kikabaki mlangoni.
Nikamwambia Mwende yote. Akasema, "Mzee, hiyo ni presha. Aliacha dawa mwezi jana." Akaja akaifuta. Nilishikilia kiti chake kama mtoto. Bado naogopa.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwona Mutua hospitalini. Maneno hayatoki vizuri. Nikamwambia ni mimi niliiweka. Akanitazama sana. Akafunga macho, mdomo ukabaki wazi, vile vile kama kwa picha. Nikapiga magoti. Nikamwita nesi.
Akafungua jicho moja.
Shetani huyu. Nililia mpaka nesi akanipa kiti.

Jumapili, 16 Juni
Msalaba. Milima. Ya tatu nimeiacha nyeusi.
Nilikaa peke yangu kwa benchi yetu. Hakuna wa kukoroma. Nywele zimenifika masikioni. Sisi hunyoana kwa zamu, na wewe nilikunyoa mwezi wa tano, Mutua. Mkono wa kulia unao. Njoo uninyoe.